Gari ilikuwa haivuti, kumbe ni kawaya tu

Wiki mbili nimesumbuka, mjini Nakuru gari inaenda poa lakini ukipita Salgaa uanze kupanda kuelekea Mau Summit unakanyaga mafuta haivuti, inakohoa, na ukisimama inataka kuzima. Fundi wa kwanza aliniwekea plagi nne mpya, wapi! Jumamosi fundi mwingine akachomeka mashine ya kusoma hitilafu ikatoa kodi P0101, yaani shida iko kwa sensa ya kupima hewa inayoingia kwa injini, akaichomoa soketi injini ikiwa inanguruma na hapo hapo mngurumo ukatulia, akaniambia, "Bosi, umeona?"

Tukaitoa karibu na eya klina. Ndani kuna kawaya kembamba kama unywele, kameshika vumbi na mafuta hadi hakang'ai. Hako hupashwa moto, hewa ikipita inakapoza, na kompyuta inajua hewa ni ngapi kwa umeme wa kukarudishia joto, sasa kakichafuka hesabu inaharibika na petroli inakuja kidogo. Tulipuliza spirei ya sensa yenyewe (ya kabureta usijaribu, na usipanguse na kitambaa, kanakatika!), tukaiacha ikauke kabisa, tukaweka filta mpya.

Jana nimepanda Mau Summit na abiria watatu, haikukohoa hata mara moja.