Bajeti ya Costa Rica: bei unayoonyeshwa na pesa utakayotoa

Costa Rica si nchi ya bei rahisi. Kwa safari ya starehe isiyo ya anasa, yaani chumba safi chenye kiyoyozi, kifungua kinywa na gari la kukodi, watu wawili watenge kama dola 250 hadi 320 za Marekani kwa siku, nauli ya ndege kando. Anayesafiri peke yake asikate hesabu hiyo nusu, maana chumba na gari havipungui.

Anza na gari, ndilo linalovuruga bajeti za wengi. Mtandaoni utaona dola 15 kwa siku, kisha kaunta ikudai mara tatu au nne ya hiyo. Mara nyingi si utapeli: sheria ya nchi inalazimisha bima ya madhara kwa watu wengine, na bima ya kadi yako ya benki haiifuti. Kadi huweza kufidia gari lenyewe tu, tena kampuni nyingi za magari hudai barua ya benki inayothibitisha hilo. Kabla ya kulipia, iandikie kampuni ikupe jumla yenye bima ya lazima, pamoja na kiasi cha dhamana watakachokizuia kwenye kadi. Dhamana hiyo huweza kufika dola elfu moja au zaidi. Kadi isiyo na nafasi hukuacha kaunta bila gari. Gari la 4x4, lile ambalo injini huendesha magurudumu yote manne, lina maana ukienda rasi ya Nicoya wakati wa mvua. Kwa La Fortuna na Manuel Antonio pekee, gari dogo linatosha.

Kuna njia ya kulikwepa gari la kukodi kwa siku kadhaa: kati ya La Fortuna na Monteverde, panda gari la abiria, uvuke ziwa Arenal kwa boti, upokewe na gari jingine. Likodi gari baada ya hapo.

Chumba cha dola 110 huenda kikawa dola 124.30, kwa sababu hoteli nyingi hutangaza bei bila kodi ya 13%. Mgahawani kuna kodi hiyohiyo na 10% ya huduma. Menyu inapaswa kuonyesha bei kamili, lakini sehemu za watalii uliza kwanza. Bahashishi ya ziada si lazima. Mchana kula kwenye "soda", yaani vibanda na migahawa midogo ya wenyeji, uagize casado: wali, maharage, saladi, ndizi ya kukaanga na kitoweo. Pesa uliyookoa hapo ndiyo ya chakula cha jioni mahali pazuri.

Mei hadi Novemba vyumba hushuka bei, na mvua nyingi hupiga alasiri, kwa hiyo matembezi yawekwe asubuhi. Septemba na Oktoba pwani ya Pasifiki hulowa sana; pwani ya Karibi, upande wa Puerto Viejo, ndiyo hukauka. Krismasi na Pasaka bei hupanda, na hoteli nyingine hudai ulale siku kadhaa.

Mashine ya kadi ikikuuliza dola au koloni, sarafu ya Costa Rica, chagua koloni. Tiketi ya hifadhi ya Manuel Antonio hununuliwa mtandaoni mapema, kwa saa maalumu, na langoni haiuzwi. Jumanne hifadhi hufungwa, basi usilipie usiku wa Jumatatu pale kwa ajili yake.