Nilivyootesha waridi la jangwa kwa mbegu hapa Mwanza mpaka likazaa mbegu zake

Waridi la jangwa wengi mnalijua kwa sura, lile lenye shina lililovimba chini kama mtungi, afu juu matawi machache na maua ya pinki yenye koo jeupe, kitaalamu ni Adenium obesum. Watu wanadhani limetoka Thailandi sababu ya yale ya kupandikiza yenye petali nyingi, kumbe ni la kwetu kabisa, nyika kavu kuanzia Senegali mpaka Somalia, Kenya na hapa Tanzania, mpaka ng'ambo Arabuni. Mimi nilitaka hili la asili na nilitaka nilitoe kwenye mbegu mwenyewe.

Kwa nini mbegu? Kwa sababu ukipita kwa wauzaji wa maua barabarani utakuta kubwa limeng'olewa porini, unaambiwa "bro hili la pori kabisa, cheki tumbo hilo". Tumbo la hivyo ni miaka mingi sana ya mmea kujitafutia maji kwenye jiwe, likishang'olewa pale pamebaki shimo, na mjini mara nyingi linaoza maana mizizi imekatwa hovyo. Inaniuma kweli. Na ukikata tawi ukachomeka linashika, ila lile tumbo halitoki vizuri, kwa hiyo kama unataka tumbo bila kuiba porini njia ni mbegu tu.

Jamaa yangu wa Same akanitumia mbegu kwenye bahasha kwa basi. Ni vijiti vidogo vya kahawia vina manyoya huku na huku, unayatoa manyoya, unazilaza juu ya mchanga zisifukiwe sana. Kwa joto letu zikiwa mbichi hazichukui hata wiki mbili zinaota.

Udongo ndio kila kitu. Ule mweusi wa mbuga usiuguse, unashika maji mmea unakufa. Mimi nachukua luseni, ule mchanga wa chini ya mawe ya mlimani ambao Mwanza umejaa kila kona, nauchekecha vumbi litoke nabaki na chengachenga, nachanganya na pumba za mpunga zilizochomwa na samadi kidogo iliyooza ya zamani. Ukimwaga maji yanatokea chini hapohapo, yasipotoka changanya upya. Chungu cha udongo ni bora kuliko ndoo ya plastiki.

Nyumba yetu iko mlimani na nyuma kuna jiwe kubwa bapa, vyungu vyote nimevipanga juu yake, jua linapiga kuanzia asubuhi, jiwe lenyewe linatunza joto mpaka usiku, na maji hayasimami. Shida ya huku kwetu ziwani sio baridi, ni mvua. Vuli ikianza Oktoba navihamishia vile vikubwa chini ya bati, masika vivyo hivyo. Miche midogo naimwagilia ikikauka juu, ila mkubwa nautumia kidole, nabonyeza tumbo. Gumu, naacha. Limelegea na udongo mkavu, lina kiu, nalipa maji. Limelegea na udongo umelowa, hapo linaoza, litoe haraka ukate sehemu iliyooza mpaka ufike nyama nyeupe, paka majivu, liache kivulini likauke siku kadhaa ndio urudishie. Jirani mmoja mama mtu mzima alikuwa akipita ananiambia "ngosha, maua yako yanakufa kiu wewe", namwambia shikamoo mama, hayo ndivyo yanavyopenda.

Kila nikihamisha chungu nalipandisha juu kidogo tumbo lionekane. Lilipotoa maua lilikuwa halijafika miaka miwili.

Afu kuna mdudu mmoja lazima umjue, kiwavi mnene wa kijani ana madoa mawili ya bluu karibu na kichwa yanaonekana kama macho, huyo usiku mmoja anaweza kumaliza majani ya mche mzima. Sipulizi dawa, natoka na tochi namtoa kwa mkono. Vaa glavu lakini, na hata ukikata tawi, maana utomvu wa waridi hili ni sumu ya kweli inayoshika moyo, Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanaupaka kwenye mishale ya kuwindia. Watoto na mbuzi mbali kabisa.

Kazi iliyonichukua muda ni kupata mbegu zangu, maua yalikuwa yanadondoka tu. Ua hili chavua yake imefichwa ndani kabisa, imefunikwa na kitu kama kofia iliyochongoka yenye mikia ya nywele, na kwa kawaida halijizalishi lenyewe, lazima chavua itoke kwenye mmea mwingine. Nikachukua kipande cha mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, nikapasua petali upande mmoja, nikauingiza kwenye kijiufa cha pembeni chini ya ile kofia nikauzungusha, ukatoka na unga wa njano, nikaupeleka kwenye ua la mmea wa pili kwa njia ileile. Fanya asubuhi kukiwa hakuna upepo wa ziwani. Mengi yalidondoka vilevile, ila machache yakashika zikatoka pembe mbilimbili, ndio maganda yenye mbegu ndani.

Pembe zikianza kugeuka rangi zifunge na uzi, mana zikipasuka wewe haupo upepo unabeba zote. Za kwangu nimegawa kwa majirani, na yule muuzaji wa barabarani nimempelekea trei ya miche auze, kasema wateja wanauliza kubwa, nikamwambia awaeleze hiyo midogo itanenepa hukohuko kwao. Ameikubali, tumeanza na hiyo trei moja.