Pesa Zilizopungua Gerezani

Haji alikuwa amemkata keshia wake mshahara wa Ramadhani na wa mwezi uliofuata. Kila jioni kompyuta ya dukani ilionyesha mauzo makubwa kuliko hela zilizomo kwenye droo, na pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya vipuri, jambo kama hilo lina maelezo mamoja tu: kuna mtu ana mkono mrefu.

Ilikuwa 2016. Ofisi yetu ya Kijitonyama ndiyo iliyoitunza ile programu, ingawa iliandikwa kwa lugha ya PHP na watu wengine kabla yetu. Wakubwa zangu, wahitimu wa chuo kikuu wote, walishaukagua msimbo wasione kasoro. Mimi nilikuwa dogo wa ofisi: kidato cha sita, kisha kaunta ya intaneti kafe Sinza, ambako wateja walijaza fomu za mikopo ya elimu ya juu huku mimi nikijifunza pembeni. Nilianza kwa kunakili na kubandika. Ukurasa ukifunguka nashangilia, usipofunguka nanakili kingine. Kilichonitoa huko ni mwongozo wa MySQL, programu ya kuhifadhi data kwenye majedwali, niliopakua kwa bando la usiku na kuusoma kwenye simu ndani ya daladala. Mkavu kwelikweli, sitawadanganya. Foleni ya Ubungo ilikuwa na burudani zaidi.

Siku hiyo nilitumwa kwa Haji kubadilisha kipanya. Keshia, dada mmoja mpole, akanisogelea. "Kaka, hebu nenda stoo ukaone. Kama nakula hela, mzigo si ungekuwa umetoka?"

Nikaenda. Kompyuta ilisema beringi za aina fulani zimebaki nne. Kwenye rafu zilikuwepo sita.

Nikafungua orodha ya mauzo. Mauzo mawili, beringi zilezile, bei ileile, yamepishana dakika moja. Moja lina namba ya risiti, la pili halina. "Hapo karatasi ya mashine ya risiti, EFD, iliisha," dada akasema. "Nikaweka nyingine, nikarudia."

Msimbo wenyewe ulikuwa sahihi: anza muamala, andika mauzo, punguza stoo, toa risiti, risiti ikigoma, futa yote. Ndiyo maana ya muamala: hatua zote zifanikiwe, au zote zifutwe. Ndipo nikaukumbuka mwongozo. Kila jedwali la MySQL lina injini yake, yaani sehemu inayoandika na kusoma data, na injini ya MyISAM haijui muamala. Ukiiamuru ianze, haibishi, ila kila unachoandika kinaingia palepale moja kwa moja. Ukisema futa, hakifutiki. InnoDB ndiyo inayojua, na imekuwa injini ya kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010. Majedwali ya Haji yalitengenezwa kabla ya hapo. Nikaandika SHOW TABLE STATUS, nikatazama safu ya injini: MyISAM, juu mpaka chini.

Nikampigia kiongozi wa timu.

"Dogo, muamala umo, nimeuona kwa macho yangu."

"Umo, bro, ila majedwali hayana habari nao."

Akanyamaza kidogo. "Chukua nakala ya data kwanza. Kisha yageuze."

Leo mimi ni mwandamizi, na vijana wakiniuliza nilivuka lini, huwa nawatajia simu hiyo, wala si siku niliyopewa cheo.

Kuyageuza kuwa InnoDB kulichukua muda mfupi. Nikachomoa karatasi kwenye mashine, akaja mteja wa plagi, dada akaingiza mauzo. Risiti ikagoma, mauzo yakatoweka, idadi ya stoo ikarudi ilipokuwa. Tukarudisha karatasi, akauza tena. Ikaingia mara moja tu.

Haji alikuwa akitutazama juu ya miwani. "Na zile za nyuma, kijana?"

Za nyuma hazikujirekebisha. Tulipitia mauzo yasiyo na risiti, moja baada ya jingine, na kuhakiki rafu, mpaka adhana ya Magharibi ikatukuta hapo. Upungufu wote ukapatikana. Haji akavuta droo, akahesabu noti, akamkabidhi dada. Naye akazihesabu palepale mbele yake.

"Ahsante, baba. Bado za Ramadhani."