Siku diwani alipopima kichochoro

Mwaka 2012 nilikuwa mtendaji wa mtaa katika bonde la Mto Ng'ombe, Manispaa ya Kinondoni. Nilikuwa mgeni kazini, nina muhuri, daftari la wakazi na meza isiyo na droo. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa bado mabichi midomoni mwa watu, yale yaliyoua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam na kuwahamishia wengine Mabwepande. Kwetu maji yaliingia, yakatoka, yakatuachia tope na vyoo vilivyofurika.

Vyoo ndiyo iliyokuwa kesi yetu kubwa. Gari la kunyonya majitaka halikuweza kuingia ndani ya mtaa. Shimo likijaa ulikuwa na mawili: uwaite vyura, wale vijana wanaoshuka shimoni usiku na ndoo, au usubiri masika utapishe choo mvua ikinyesha, uchafu uende mtoni ukipitia kwa jirani wa chini. Kila mtu alijua nani anatapisha. Mvua ikikatika tu, ofisini kwangu walikuwa wamejaa walalamikaji.

Diwani wetu alikuwa dereva wa UDA zamani, shirika la mabasi ya Dar es Salaam, enzi za Ikarusi, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati. Akawa balozi wa nyumba kumi, akawa mwenyekiti wa mtaa, ndipo akapata udiwani. Watu hudhani diwani ana mfuko wa fedha. Mimi kijana nilikuwa na mshahara wa kila mwezi. Yeye alikuwa na posho, na barazani kwake foleni ilianza alfajiri: ada, dawa, sanda, kijana aliyelala polisi. Msemaji hakuwa. Kwenye Baraza la Madiwani, wenzake na majoho yao wakitiririka, yeye alisimama akauliza swali moja, akaketi.

Ombi la kupanua kichochoro chetu kiwe barabara ya gari hilo la majitaka lilikuwa limeshapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, likapanda manispaa, likarudi na jibu: fungu la fidia hakuna. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa bila kuchelewa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubomoa hata ukuta wa jiko. Wananchi wakikubali wenyewe kutoa, tuliambiwa, greda na kifusi vitaletwa.

Basi Jumamosi moja diwani akanipitia ofisini, kandambili miguuni.

"Mtendaji, chukua daftari. Rangi iache."

Nilikuwa nimeandaa kopo la rangi nyekundu. Mchoro tuliopewa ulitaka njia iliyonyooka, na nilidhani tutapiga X kila ukuta ulioingia ndani ya mstari.

"Ukimchorea mtu X umeshamtangazia vita, mwanangu. Twende."

Alianza kutembea kichochoroni mikono ikiwa mbele, kama ameshika usukani. Watoto walicheka. Mimi pia nilikaribia kucheka, mpaka nilipoelewa anachofanya. Palipонyooka alipita bila kuangalia kitu. Akifika kwenye kona alisimama, akarudi nyuma, akakata tena, akaangalia begani. "Hapa mkia wa lori utagonga bafu hili. Pale halitagusa." Kwa mchoro ule karibu kila nyumba ingepoteza kitu. Kwa usukani wake wa hewani, mzigo ulibaki kwa watu wa kwenye kona tu: baraza hapa, bafu pale, ngazi za mlango.

Hapo palikuwa na dhuluma, naye aliiona kabla yangu. Kwa nini wa kona aumie na wa katikati apite bure? Akawaambia wa katikati, mmoja mmoja, mlangoni kwao: nyumba yako haiguswi, kwa hiyo saruji ya kujenga upya bafu la jirani unachangia. Wengine walikubali kwa shingo upande. Niliandika majina, na saruji kila mmoja aliyoahidi.

Kona ya pili ilikuwa ya bibi mmoja mkubwa kuliko wote mtaani. Diwani alimwamkia shikamoo akaketi kwenye baraza ile ile aliyokuja kuiomba. Wakazungumza habari za wajukuu, bei ya nazi, nani kafa Mwananyamala. Jua lilinichoma nikiwa nimesimama na daftari. Mwishowe ni bibi aliyeanza.

"Baraza hii alijenga marehemu. Nitakaa wapi jioni?"

"Sina jibu la hilo, mama."

"Na hilo gari, litafika shimoni kwangu?"

"Litasimama hapa tulipokaa."

Bibi akatazama kule chooni kwake. "Haya bomoeni. Lakini matofali ni yangu."

Nikaandika: matofali ni ya bibi.

Mwenye fremu ya duka ya kona ya mwisho alikataa. Ana mpangaji, ana mkataba, atamlipa nani? Vijana waliotufuata wakaanza kupaza sauti, mmoja akataja nyundo. Nilitegemea diwani atawaachia wamtishe kidogo. Wanasiasa niliowaona hadi hapo wangefanya hivyo. Akawageukia akawafukuza wote warudi walikotoka. Kisha akaniambia, "Andika amekataa. Andika vizuri, ni haki yake." Akashika tena usukani wake, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatafuta namna ya kupita kwa kuchukua zaidi upande wa pili. Familia ya upande ule ilikubali baada ya mabishano marefu ambayo sitayarudia hapa. Njia imepinda pale mpaka leo, na dereva asiyejua mtaa hulazimika kurudi nyuma akate upya.

Greda lilikuja kwa kuchelewa, kama kawaida ya greda. Gari la majitaka lilipoingia mara ya kwanza, diwani alilitangulia akitembea kinyumenyume, anapunga mkono: njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo.

Mwaka 2015 alianguka kwenye kura za maoni za chama chake. Mgombea aliyepita alipokuja mtaani kwa kampeni, gari lake la matangazo liliingia hadi ndani kabisa, spika zikiimba, likageuza kwenye kona ya bibi.