Bodoni haikuumbwa kwa maandishi madogo

Andika neno "mnunuzi" kwa fonti ya Bodoni ya kichwa cha habari, pointi 10, lichape, kisha lishike mbali kidogo na uso. Kabla ya kufika kwenye z zimesimama nguzo nene 11, na nyuzi zinazoziunganisha karibu hazionekani. Jicho linaona ua wa fito. Bodoni haina kosa hapo. Imepewa tu kazi isiyo yake.

Ukoo huu hujitambulisha upesi. Mistari ya wima minene, ya kulala myembamba kama unywele, na katikati hakuna kitu. Serifu, yaani vijimstari vya mwishoni mwa herufi, zimekaa bapa kwenye ncha za nguzo bila kijipindo cha kuzishikiza. Mchapaji John Baskerville wa Birmingham alianza kuongeza tofauti ya unene katikati ya karne ya 18, akitumia karatasi laini na wino mweusi zaidi. Akina Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma wakaifikisha kikomo.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoamua. Chukua fonti ambayo unywele wake, yaani mstari wake mwembamba, ni vizio 20 kati ya 1000 vya ukubwa wa herufi. Kwa pointi 72 unapata mstari wa pointi 1.44, safi kabisa. Kwa pointi 10 ni 0.2 tu, yaani milimita 0.07. Kwenye skrini, herufi za pikseli 16 zinakupa theluthi moja ya pikseli, na skrini haiwezi kuwasha theluthi: inapaka kijivu, e inafunguka, inafanana na c. Kwenye karatasi, usishuke chini ya pointi 0.25 kwa wino mmoja mweusi, na 0.5 kwa herufi nyeupe juu ya rangi, kwa sababu wino hutanuka na kuufunika unywele. Kwa fonti hiyo hiyo, herufi nyeupe zianzie pointi 25.

Kosa jingine ni kuupa unywele rangi ya mchanganyiko. Kila wino una bamba lake la kuchapia; bamba moja likisogea kidogo tu, mstari unagawanyika. Kijivu cha asilimia 40 nacho huchapwa kwa vitone, na unywele hauna upana wa kubeba vitone. Tumia wino mmoja, asilimia 100.

Dawa ya kweli ni mikato ya ukubwa, yaani matoleo ya fonti moja, kila moja limechorwa kwa ukubwa wake. Mchora fonti Jonathan Hoefler alipochora Didot kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar, aliitolea mikato ya kuanzia pointi 6 hadi 96, ili unywele ubaki na unene uleule ukurasani, herufi iwe kubwa au ndogo. Bodoni Moda, ambayo ni ya bure, ina mhimili wa ukubwa uitwao opsz. Kwenye tovuti, hakikisha kiungo cha fonti kinauomba; kisipouomba, kichwa na aya vinapata mkato mmoja, na kimoja lazima kiumie. Playfair Display, kama jina lake linavyosema (display ni maandishi makubwa ya kuonyesha), ni ya vichwa. Kuijaza kwenye aya nzima ni kumtesa msomaji.

Ukilazimika kuandika aya kwa ukoo huu, ongeza nafasi kati ya mistari hadi asilimia 145 hivi ya ukubwa wa herufi; nguzo huvuta jicho kwenda chini, na nafasi ndiyo inayolirudisha kwenye mstari. Kwenye vichwa fanya kinyume, bana herufi kwa vizio 10 hadi 20 katika elfu. Usibonyeze kitufe cha kukoleza kama faili ya fonti nene haipo: programu itanenepesha unywele pamoja na nguzo, na uzuri wote umekwenda.

Halafu kuna ritifaa ya ng'. Ile iliyonyooka ya kibodi inafanana na msumari uliosahaulika; weka iliyopinda, yenye tone na mkia. Katika kichwa cha pointi 60, "ng'ombe" hubaki na shimo baada ya ritifaa, kwa hiyo isogeze o kwa mkono, vizio 30 hadi 50, hadi shimo lizibe.