Eti gemu haina programu!

Juzi nimeprinti mchoro wa saketi ya Pong, ile gemu ya Atari ya mwaka 1972 ya kucheza mpira wa meza kwenye skrini, nikampelekea mzee wangu mmoja fundi redio kule Gerezani. Shikamoo, marahaba, kavaa miwani, kautandaza kwenye kaunta. Mistari imebanana kama vichochoro vya Manzese.

"Mwanangu, prosesa iko wapi?"

Haipo, mzee. Wala programu haipo. Allan Alcorn, injinia wa Atari aliyeiunda, aliunganisha chipu ndogondogo za mantiki tu. Mpira wenyewe ni saketi inayohesabu mpaka ifike zamu ya kuwasha kinukta kwenye TV.

Akaanza kufuata waya kwa kidole. Wateja wamesimama na subufa zao, hana habari nao!

Nikamchomekea na hili: raketi haifiki juu kabisa ya skrini. Ilikuwa kasoro ya saketi, wakaiacha makusudi ili gemu iwe ngumu. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Mimi nikirudisha redio hivyo, mteja ananitukania ukoo!"

Sasa anataka tuiunde. Kaniandikia chipu za kutafuta Kariakoo. Nauliza hela anatoa nani, eti "mchoro si umeleta wewe?" 😂