Kichanga aliyezaliwa utumbo haujaungana

Nilikuwa intani, daktari wa mafunzo, kwenye hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania, tukaletewa kichanga kutoka wilayani, anatapika kijani tangu azaliwe, tumbo limejaa na choo hajapata. Wazazi mnaosoma hapa naomba mnisikie, kichanga akitapika kijani hiyo ni nyongo, msisubiri kukuche, mkimbizeni hospitali.

Tulipofungua tumbo tukakuta utumbo mwembamba umekatika njia, upande wa juu umevimba vibaya mno na wa chini mwembamba kama penseli, hata haviungani. Nikawaza hivi vitu viwili visivyolingana vitashonwaje?

Daktari bingwa hakuwa na papara. Kwanza akapiga maji ya chumvi kwa sindano kwenye utumbo wa chini, tukayafuatilia mpaka yakafika utumbo mkubwa, maana mtoto mwenye kizibo kimoja anaweza kuwa na vingine huko mbele. Halafu akakata kile kipande kilichovimba sana, akasema kikiachwa hakisukumi maziwa hata mshono uwe mzuri vipi. Ule mwembamba akaukata mshazari na kuupasua kidogo kwa nyuma, upande usioingia mishipa ya damu, basi mdomo ukapanuka ukakaribiana na mwenzake, kwa kweli nilifurahi sana kuona vile.

Kushona sasa. Uzi mwembamba wa saizi 5-0 unaoyeyuka, tabaka moja tu, kila mshono na fundo lake. "Dokta sogea uone, hii submukosa ndo inashika uzi, ukiikosa hii hujashona kitu," akaniambia bingwa. Submukosa ni tabaka la ukuta wa utumbo lililo chini ya utando wa ndani kabisa. Baadae nikasoma kumbe Halsted, daktari wa upasuaji wa Marekani, alishalionyesha hilo kwa mbwa mwaka 1887. Watu wazima wengine hushonwa tabaka mbili ila kwa kichanga ukikunjia nyama ndani mara mbili unaibana njia yenyewe. Na mafundo alikaza taratibu, ukizidisha damu haipiti, kingo zinakufa, mshono unavuja. Upande wa mesenteri, ule utando unaoushika utumbo na kuuletea mishipa ya damu, aliurudia kuukagua, pale mafuta na mishipa inaficha na uvujaji hupenda kuanzia hapohapo, kisha akaziba na lile tundu la mesenteri utumbo usije ukapenya ukajinyonga.

Wodini ndo kulikuwa kugumu. Mpira wa puani unatoa kijani tu, mama yake maziwa yamejaa na kila zamu ananiuliza, "Dokta, leo atanyonya?" namjibu bado mama, tuvumilie kidogo, huku napima joto na kulishika tumbo nikiogopa mshono umeachia. Siku zikaenda, kijani kikaanza kupauka, kikapungua, hadi asubuhi moja sista akaniita nije nione nepi. Choo kimetoka! Bingwa akaruhusu maziwa ya mama, mililita chache kwanza kwa kupitia mpira, mtoto hakutapika, jioni tukaongeza.